Foku mpya kwa baiskeli kuukuu: pima shingo kabla ya tairi

Swali ni lile lile kila mara: "Nina baiskeli ya zamani, namba 28, foku imepinda. Ninunue foku gani?" Wengine hutaja jina la kampuni, wengine hutaja rangi. Jibu langu huwaudhi: sijui mpaka upime. Namba ya tairi hukuambia jambo moja tu kuhusu foku, na mara nyingi si lile linalokukwamisha dukani. Kinachokwamisha ni shingo, yaani bomba la foku linaloingia ndani ya fremu na kushikwa na nati juu. Hapo ikikataa imekataa, hata kama tairi inazunguka vizuri.

Makala hii ni ya mwenye baiskeli ya chuma ya zamani: Phoenix, Hero, Avon, Raleigh ya babu, au ya gia iliyoshuka na kontena la mtumba. Mwenye baiskeli mpya ya mbio ya kaboni atafute ushauri kwingine.

Tuelewane majina kwanza, maana kila kijiwe kina yake. Hapa nitasema bomba (linaloingia shingoni), bega (pale miguu miwili inapokutana chini ya bomba), miguu, na masikio (yale mapengo ya chini yanayopokea ekseli). Vikombe ni vile viwili vilivyogongwa kwenye shingo ya fremu, juu na chini. Koni ndizo zinazokaa na gololi ndani ya vikombe hivyo: ya chini imegongwa juu ya bega, ya juu inafungwa kwa hesi, yaani ile mistari ya skrubu inayoshika nati.

## Kabla ya kununua: je, kilichoharibika ni foku peke yake?

Baiskeli iliyogonga shimo au mkokoteni mara nyingi huvunja vitu viwili, na mwenye nayo huona kimoja. Geuza baiskeli juani, uangalie chini ya fremu pale bomba la mteremko linapoungana na shingo. Pitisha kidole. Ukihisi mkunjo kama kitambaa kilichofinywa, au rangi imepasuka kwa mistari ya mlalo, fremu nayo imepinda. Foku mpya haitanyoosha hapo.

Dalili kwamba foku ndiyo yenye shida:

- Gurudumu la mbele limerudi nyuma, na ncha ya kiatu inagusa tairi au digadi ukikata kona wakati zamani haikugusa.
- Ukiachia usukani kidogo kwenye barabara tambarare, baiskeli inavuta upande mmoja.
- Kuna ufa, hata mwembamba kama unywele, kwenye bega au pale mguu unapoingia bega. Futa grisi na vumbi kwanza, kwani ufa hujificha chini ya uchafu.
- Kutu imekula bomba kwa ndani. Toa usukani, mulika kwa tochi ya simu. Kutu ya juu juu si neno. Ukikwangua kwa bisibisi na vipande vikadondoka, achana nayo.

Tahadhari na ile ya kuvuta upande mmoja. Kabla ya kulaumu foku, toa gurudumu, ligeuze kushoto kwenda kulia, ulirudishe. Likiendelea kusogelea mguu ule ule, foku imepinda. Likihamia mguu wa pili, foku haina kosa: rimu haiko katikati ya habu, na dawa yake ni kukaza spoki. Jaribio hili ni la dakika chache na limewaokolea wengi pesa ya foku.

## "Si fundi aninyooshee tu?"

Inategemea. Foku ya chuma iliyorudi nyuma kidogo, bila mkunjo wala ufa, inaweza kunyooshwa ikiwa baridi, na fundi mwenye mkono mzuri ataifanya ifae kwa miaka. Chuma kina uvumilivu huo.

Lakini hapa watu wengi hutaka kubishana nami, na sitalegeza: foku iliyopashwa moto kwa gesi kisha ikanyooshwa kwa nyundo imepoteza nguvu yake pale pale ilipopata moto. Na foku iliyopasuka begani kisha ikachomelewa usiipande, wala usimpakize mtoto. Najua hoja yenu. "Fundi wetu amechomelea foku nyingi na zinatembea." Zinatembea, ndiyo. Karia ikivunjika, mzigo unaanguka. Foku ikikatika ukiwa kwenye mteremko, kinachofika chini kwanza ni uso, na hakuna onyo. Wala usidanganyike na uzuri wa mshono: chuma hukatika kando yake, pale moto ulipoishia.

## Vipimo vya kuchukua

Kama una foku ya zamani, njia bora kuliko karatasi yoyote ni kuitoa na kwenda nayo dukani, pamoja na koni zote mbili, nati ya juu na stemu ya usukani. Wauza spea wakikuona na foku mkononi huacha ule wimbo wa "chukua hii bosi, inaingia." Kama uko mbali na unaagiza kupitia mtu wa basi, basi pima haya na umpigie simu au umtumie kwa maandishi, tena kwa milimita.

1. Unene wa bomba kwa nje. Baiskeli nyingi za zamani zina inchi 1, yaani milimita 25.4. Zile za milimani za miaka ya karibuni nyingi zina inchi 1 na 1/8, yaani 28.6. Tofauti unaiona kwa macho, lakini pima.
2. Upana wa bomba kwa ndani. Hapa ndipo stemu inapoingia. Kwa bomba la inchi 1 la kawaida, stemu ni ya 22.2. Baadhi ya baiskeli za watoto na zile ndogo za michezo kutoka Marekani hutumia 21.1, na stemu yako haitaingia hata uipige nyundo.
3. Urefu wa bomba, kuanzia inapokaa koni ya chini hadi ncha ya juu.
4. Kitako cha koni ya chini, pale begani. Kwa bomba la inchi 1, vipimo viwili vimetawala: 26.4 na 27.0. Kile cha 27.0 utakikuta sana kwenye baiskeli za Japani.
5. Urefu wa foku, kutoka kitako cha koni hadi katikati ya ekseli, kwa mstari unaofuata bomba.
6. Nafasi kati ya masikio, na unene wa ekseli. Habu za mbele za siku hizi huchukua milimita 100. Nyingi za zamani ni nyembamba kuliko hapo.

Cha tatu kina mtego. Foku yenye bomba refu inaweza kukatwa. Yenye bomba fupi hairefushwi. Basi wengi hukimbilia kununua ndefu. Angalia hesi zinashuka umbali gani. Bomba lenye hesi za milimita 40 ukilikata milimita 30 unabakiwa na 10, na koni ya juu haitapata pa kushika. Baada ya kukata, unataka zibaki angalau 25 hadi 30. Usimwombe fundi azishushe hesi chini zaidi: kila mstari unaochongwa unalifanya bomba kuwa jembamba, na ni kazi ambayo hata wenye vifaa huikwepa.

Kinyume chake pia ni kosa. Hesi zikishuka sana chini, stemu itaishia kukaza ndani ya sehemu iliyochongwa, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Stemu sharti iingie ipite chini ya hesi.

Hesabu ya haraka kama foku ya zamani haipo: pima shingo ya fremu, ongeza kimo cha vikombe, koni na nati vikiwa vimefungwa, kisha toa milimita 2 ili nati ya juu isigote kwenye ncha ya bomba. Shingo ya 150 na seti ya vikombe yenye kimo cha 35 zinahitaji bomba la 183.

## Hesi: mtego wa Raleigh

Bomba la inchi 1 lina hesi 24 kwa kila inchi. Hiyo ndiyo kawaida. Raleigh nyingi za zamani kutoka Nottingham, hasa zile nyeusi za gia tatu na za breki za fimbo, zina 26. Kwa macho zinafanana kabisa. Nati ya 26 juu ya bomba la 24 huzunguka mara moja au mbili kwa raha, halafu inakaza. Hapo ndipo mtu anapochukua spana ndefu, na hapo ndipo bomba jipya linapoharibika.

Ukitaka kujua bila kifaa, chukua bomba la zamani na la jipya, uyalaze hesi kwa hesi, uyanyanyue kuelekea mwanga. Zikikaa ndani kwa ndani bila kuonyesha mwanga kwa urefu wa inchi nzima, ni sawa. Zikianza pamoja na kuachana mbele, si sawa, hata muuzaji aape.

Ukikosa foku ya 26, bado unayo njia: nunua foku ya 24 pamoja na seti yake kamili ya vikombe, koni na nati. Usichanganye cha huku na cha huko. Vikombe navyo vipimwe kabla ya kugongwa, kwa sababu kuna vya 30.2 na vya 30.0, na kikombe kinachoingia kwa kidole badala ya nyundo kitacheza ndani ya shingo mpaka kiitanue.

Wenye Peugeot na Wafaransa wengine wa zamani mna shida yenu peke yenu: bomba la milimita 25 kamili, na stemu ya 22.0. Kwa baiskeli hizo nenda na foku ya zamani mkononi, au tafuta baiskeli nyingine ya aina hiyo iliyokufa uinyofoe.

Kwa baiskeli za Uhindi na China sitakupa namba moja ya kushika, maana zimetoka viwanda vingi kwa miaka mingi. Nenda na nati yako. Ikiingia kwa vidole mpaka mwisho, umefika.

## Tairi na breki

Sasa tuje kwenye ile 28 yenu. Namba hiyo imeandikwa kwenye tairi zisizolingana. Tairi ya 28 x 1½ ya baiskeli nyeusi hukaa kwenye rimu ya milimita 635. Tairi nyingine zilizoandikwa 28, kama za baiskeli nyingi za jiji za Ulaya, hukaa kwenye rimu ya 622. Ile ya 26 ndiyo balaa zaidi: 26 x 1⅜ ni 590, na 26 ya milimani ni 559. Soma ubavuni mwa tairi. Kuna namba mbili zenye kistari katikati, kama 40-635 au 37-590. Hiyo ya pili ndiyo ya kumtajia muuzaji.

Tairi ikikaa, ibaki nafasi ya milimita 6 au zaidi kati yake na bega, na zaidi ya hapo kama una madigadi. Tope la masika likijaa pale na tairi ikakwama, unajua kitakachofuata.

Breki huamua mengi:

- Breki za fimbo: foku haihitaji tundu maalumu, lakini vile vishikizo vya miguuni lazima vikae, na rimu yake haifai kwa breki za kubana ubavuni.
- Breki za kubana kutoka begani: bega liwe na tundu mbele na nyuma, na mikono ya breki ifike kwenye rimu. Pima kutoka tundu hadi katikati ya ukingo wa rimu, kisha linganisha na breki uliyo nayo.
- Breki za V: miguu iwe na vile vijiti viwili vilivyochomelewa kiwandani, na viwe vya rimu ya saizi yako. Foku ya 26 yenye vijiti haifai kwa gurudumu la 622, kwani viatu vya breki vitasugua pasipo rimu.

Usikubali kuchomelewa vijiti hivyo mtaani. Nimeshasema ya moto hapo juu.

## Urefu na mpindo

Ukiongeza urefu wa foku kwa milimita 20, pembe ya shingo inalala kwa takribani digrii moja. Sikio likisikia digrii moja linaona ni kidogo. Mikono haioni hivyo: usukani unakuwa mzito na mvivu, na mzigo mbele unaufanya uzembee zaidi. Foku fupi hufanya kinyume: usukani unaruka ruka, na pedali zinashuka karibu na mawe. Kaa ndani ya milimita 10 za ile ya zamani na hutasikia tofauti ya maana.

Mpindo, yaani umbali ambao masikio yamesogea mbele ya mstari wa bomba, nao ufanane na wa zamani. Weka mti mnyoofu ufuate katikati ya bomba hadi chini, upime kutoka kwenye mti hadi katikati ya ekseli. Baiskeli nyeusi za mizigo zimepinda sana mbele. Foku iliyonyooka ya milimani ikiwekwa humo, baiskeli hubadilika tabia.

Hapa niwazungumzie wenye baiskeli za milimani zenye foku ya shokapu iliyokufa, ile iliyojaa maji na kutu mpaka hairuki tena. Kuitoa na kuweka foku ya chuma isiyo na springi ni uamuzi mzuri, na baiskeli hupungua uzito. Lakini foku ya shokapu ni ndefu. Kwa gurudumu la 26 yenye mchezo wa milimita 80 hadi 100, kutoka koni hadi ekseli unakuta 440 hadi 470, wakati foku ya kawaida isiyo na springi huwa karibu 390 hadi 400. Ukiiweka hiyo fupi, mbele panashuka kama bata anayekunywa maji. Uliza foku ndefu iliyotengenezwa kuchukua nafasi ya shokapu. Zipo, na utazitambua kwa pengo kubwa kati ya tairi na bega. Pia pima shokapu mtu akiwa amekaa, maana hapo imelala kidogo, na urefu huo ndio wa kulinganisha.

## Mpya au ya mtumba?

Ya mtumba iliyonyooka naipenda kuliko mpya ya bei ya chini kabisa, hasa ikitoka kwenye baiskeli ya Japani. Mishono yake ya kiwandani ni safi na masikio ni mazito. Lakini iangalie hivi:

- Sumaku ishike kila mahali. Isiposhika, si chuma unachokitafuta.
- Rangi mpya begani kwenye foku kuukuu ni jambo la kuuliza. Kwangua kidogo. Muuzaji akikataa usikwangue, umepata jibu.
- Ilaze juu ya kioo au meza iliyonyooka. Miguu yote miwili iguse sawa.
- Weka gurudumu lililonyooka ndani yake hapo hapo dukani, uangalie kutoka mbele kama liko katikati ya bega.
- Hesi zisiwe zimelala. Pitisha nati yako kwa vidole.

Masikio yakiwa membamba kuliko habu yako kwa milimita chache, chuma kinaweza kutanuliwa, mradi miguu yote itanuliwe sawa na masikio yarudi kutazamana. Ekseli nene kuliko pengo? Tupa laini, kidogo kidogo, kwenye masikio yote kwa kiasi kimoja. Zaidi ya milimita moja, badili ekseli.

Kwa wanaobeba magunia ya mkaa, maziwa au abiria, chagua foku ya baiskeli ya mizigo yenye bega zito, hata kama nyepesi inaingia. Zile nondo wanazoongeza mafundi kutoka ekseli kwenda juu zinasaidia foku nzima isipinde. Hazisaidii iliyokwisha kupasuka.

## Siku ya kufunga

1. Gonga koni ya chini kwa kipande cha bomba kinachokaa sawa kuzunguka pande zote, usiigonge upande mmoja kwa patasi. Koni ya 26.4 juu ya kitako cha 27.0 haiingii, ya 27.0 juu ya 26.4 inacheza. Usiweke kipande cha kopo la soda kujaza. Tafuta koni yake.
2. Kama unakata bomba, funga nati kwanza chini ya alama, kata kwa msumeno wa chuma, piga tupa kwenye ukingo, kisha toa nati. Ikitoka inazisafisha hesi.
3. Gololi mpya, zote, na grisi ya kutosha. Saizi si moja: seti nyingi za inchi 1 ni za 5/32, nyingine ni za 3/16. Zijaze kikombe, kisha ibaki nafasi kama ya gololi moja. Zikibanana zitasagana.
4. Kaza koni ya juu kwa mkono mpaka mchezo uishe, kisha shika koni kwa spana moja huku ukikaza nati kwa nyingine.
5. Funga breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Ikigonga, imelegea. Inyanyue mbele: usukani uanguke wenyewe kushoto na kulia. Ukikwama, umekaza mno.
6. Stemu iingie mpaka alama yake ya mwisho isionekane.

Tembea nayo siku mbili tatu bila mzigo, kisha rudia namba 4 na 5. Koni mpya hujikalisha na nati hulegea. Wengi huruka hatua hii, halafu wanarudi kulalamika kwamba foku ni feki wakati kikombe ndicho kilicholiwa na gololi.

Foku ya zamani iliyopasuka usimwachie fundi "aitupe". Kuna mtu ataichomelea, aipake rangi nyeusi na kuiuza kwenye kijiwe kingine. Ikate bomba lake kwa msumeno pale juu ya bega, ndipo uipeleke kwa wanunua vyuma chakavu.